Gesi ya samadi yaweza kuinusuru misitu ya Uluguru
MATOMBO, wilayani Morogoro, iko kwenye miteremko ya Uluguru, chimbuko la Mto Ruvu, tegemeo kuu la maji la Jiji la Dar es Salaam. Ukataji miti kwa kuni na mkaa unahatarisha maji hayo.

Njia mbadala ipo. Samadi ikioza ndani ya mtambo usiopitisha hewa, hutoa gesi yenye methani takriban asilimia 60, ifaayo kupikia. Ikisafishwa zaidi, hutumika viwandani kama gesi asilia.

Huko Hale, Tanga, mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge. Morogoro nayo hulima mkonge. Mabaki hayo yakiendesha viwanda, na samadi ikapika vijijini, shoka litapungua kazi Matombo.