Mukanda wa "malheureusement"

Tulimkuta mchoraji kwake, commune ya Kenya, Lubumbashi, siku moja kisha kupata jibu. Tablo ilikuwa ingali imeegemea ukuta: shimo la wachimbaji, kamba, mtu anapanda na mfuko mgongoni. Alikuwa ametuma picha za tablo tatu kwa maonyesho fulani ya Ulaya. Jibu lilifika mu telefone, mistari mine ya Kifaransa, na katikati neno "malheureusement".

"Bibi yangu njo alisoma wa kwanza," anatuambia. "Akaniuliza: sasa minerval ya batoto?"

Swali hilo tunalijua wote. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, na katika nyumba kama hiyo kazi ni ile inayoleta mshahara mwisho wa mwezi. Basi mukanda ukikatala tablo, ni kama umekatala mtu, bibi na watoto pamoja.

Lakini tuuangalie vizuri. Waliochagua hawakuona tablo. Waliona picha ya telefone na maneno machache. Mchimbaji ataelewa upesi. Unashusha mfuko kwenye depo, mnunuzi anaokota kipande kimoja, mashine inasema teneur ni ndogo, bei inaanguka. Walipima mfuko wote? Hapana. Unafunga tena mfuko, unaenda depo ya pili. (Mfano huu hauendi mbali, tunakubali: shaba ina bei yake London kila siku ya kazi, tablo haina.)

Tulimwomba atuonyeshe zile picha. Moja aliipiga jioni, na kivuli cha kichwa chake kiko juu ya tablo, pale pale kwenye uso wa mchimbaji. Akacheka. "Ata mie ningekatala!"

Mikanda yake anaiandika ndani ya kaye: tarehe, tablo gani, jibu gani. Hajibu siku ile ile kwa sababu hasira haina ortografia. Kisha wiki moja anaandika mistari miwili: asante, na je, naweza kutuma tena?

Kuna mukanda mwingine ambao sisi tunauogopa zaidi, ule wa "ndiyo". Unakuja upesi, una maneno matamu, na chini unaomba dola za nafasi ya kutundika tablo, dola za katalogi, dola za kuandikishwa. Mchoraji wetu alilipa mara moja, kwa franga za kuuza redio ya nyumba. Hakuna mtu aliyemjibu tena. "Ile ya kukatala haikunikula kitu," anasema. "Ile ya ndiyo njo ilikula redio." Bibi yake, aliyekuwa akichambua sombe, hakuinua kichwa.

Kukataliwa si jambo la leo. Paris, mwaka 1863, waamuzi wa maonyesho makubwa walikatala kazi karibu 3.000. Makelele yakawa mengi mpaka mfalme Napoléon III akaamuru zionyeshwe mahali pengine. Watu walikuja kuzicheka, hasa tablo ya Édouard Manet ya watu wanaokula majanini. Leo iko musée d'Orsay, na watu wanalipa kuiona.

Hapa kwetu, Tshibumba Kanda-Matulu hakungojea salon yoyote. Alitembeza tablo zake mwenyewe kwa wanunuzi. Miaka ya 1973 na 1974 alimchorea profesa Johannes Fabian, hapa Lubumbashi, tablo karibu mia moja juu ya historia ya inchi yetu. Tangu 2008 mji una maonyesho yake makubwa, yaliyoanzishwa na watu wa Picha. Na hayo pia hayawezi kuchukua kila mtu.

Kesho yake asubuhi tulipita tena. Tablo ilikuwa inje, kivulini. Mtoto mkubwa alikuwa ameshika shuka nyeupe kuzuia mwangaza wa bati la jirani, mikono inamtetemeka. Baba alikuwa amepanda juu ya kiti na telefone ya kuazima.

"Usitikisike," akamwambia. "Bado mbili."