Kitenzi "Nasa" na Swali la Nani Aliyetega: Matumizi ya Kila Siku Arusha na Maeneo ya Mlima Meru

Makala haya yanajadili maana na matumizi ya kitenzi nasa katika Kiswahili kinachozungumzwa jijini Arusha na katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru. Hoja inayotetewa ni kwamba kitenzi hiki hakielezi hali ya kushikwa tu, bali humgawia mtu wajibu wa kushikwa kwake, na mgawanyo huo hutegemea umbo analolichagua msemaji. Sentensi za mifano zimetungwa kwa kufuata usemi unaosikika kila siku.

Maana ya msingi ni ya mtegoni. Ndege akitua kwenye ulimbo, amenasa. Husemwa pia kuwa mtego umenasa, yaani umeshika kitu, na kuwa mtego umemnasa ndege. Hivyo, bila kubadili umbo, nasa ni kitenzi elekezi na pia si elekezi: kiima chake chaweza kuwa kinachoshika au kinachoshikwa. Kamata hakina uhuru huo, kwani "mwizi amekamata" haiwezi kumaanisha kwamba mwizi ndiye aliyeshikwa. Aidha, kamata huhitaji mkono na mara nyingi mbio, ilhali nasa huhitaji kitu kilichotangulia kuwekwa, kikangoja. Filamu ya Hatari! ya mwaka 1962, ambayo sehemu yake ilipigwa Momella, chini ya Meru, inahusu watu wanaofukuza wanyama kwa magari ili wapelekwe katika bustani za wanyama. Kwa Kiswahili, watu hao wanakamata. Kinachonasa ni kitanzi chao.

Tofauti kati ya nasa na kwama huonekana wazi zaidi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, katika barabara za udongo. Gari lililoishiwa mafuta limekwama, wala hakuna atakayesema limenasa. Lililozama magurudumu kwenye tope limekwama na pia limenasa, kwa kuwa sasa kipo kinacholishika. Tope, hata hivyo, halina nia. Hapa ndipo umbo lisilo elekezi linapofaa kabisa: hakuna aliyetega, basi hakuna wa kutajwa.

Matumizi mengine hayana ubaya wowote. Redio hunasa mawimbi, kinasa sauti hunasa mazungumzo, kamera hunasa tukio. Kumnasa mtu kibao ni kumpiga kofi, labda kwa sababu kiganja hudhaniwa kugandia shavuni. Maelezo haya ni dhana ya mwandishi tu.

Ugumu huanza pale umbo linalofaa kwa tope linapohamishiwa kwa watu. Katika mazungumzo ya mtaani, msichana "amenasa mimba", au kwa ufupi, "amenasa". Kisarufi, sentensi hiyo imejengwa sawasawa na ile ya gari: kiima ni aliyeshikwa, na aliyesababisha hana nafasi, si kama kiima, si kama yambwa, wala si baada ya kiunganishi na. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inamtambua mtu huyo, kwani anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Sheria imemtafuta mtenda. Sarufi ya mtaani imemwacha nje ya sentensi. Msemaji anayetaka kumrejesha hana budi kubadili kitenzi na kusema "amepewa mimba na fulani".

Kauli ya kutendwa ina tatizo la upande wa pili. Vichwa vya habari hupenda anaswa: "Anaswa na nyara za serikali", "Wanaswa wakivusha magendo". Neno ni fupi na lina mvuto, na mhariri mwenye nafasi finyu hawezi kulaumiwa kwa kulipenda. Lakini akamatwa na ashikiliwa hueleza walichofanya polisi, ilhali anaswa hueleza pia alivyokuwa mtuhumiwa kabla yao: kiumbe aliyekuwa akiwindwa, ambaye hatimaye mtego umempata. Mtego hautegwi bila windo. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo kabla halijathibitishwa. Kwa kuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini, maneno ya gazetini na ya kizimbani sasa ni ya lugha moja, na ni rahisi zaidi kwa dhana ya gazeti kumtangulia mtuhumiwa mahakamani.

Kauli ya kutendua inathibitisha jambo hili kuliko nyingine zote. Kutokana na nasa tunapata nasua, kama fungua kutokana na funga. Gari hunasuliwa kwa kusukumwa. Timu iliyokuwa mkiani mwa msimamo wa ligi "yajinasua", na hiyo ni sifa, kwa maana imepigana yenyewe. Mtu aliyeonekana mahakamani kuwa hana hatia naye huandikiwa kwamba "ajinasua". Kiambishi -ji- kinampa sifa ileile ya timu, ya ujanja na nguvu za kujitoa, huku kikidokeza kwamba mtego ulikuwa wa haki na yeye ameuponyoka. Hakimu aliyepima ushahidi na kuamua hayumo katika neno hilo. Yumo katika aachiwa huru, kauli ya kutendwa inayodai mtenda, na herufi zinazoongezeka katika kichwa cha habari ni chache sana.