Pishi ya shangazi katika mwaka wa korona

“Akiba haiozi,” walisema wahenga wetu. Msemo huu nimeusikia tangu utotoni, wala sikuwahi kuutilia shaka. Lakini Ramadhani ya mwaka 2020 ilinionyesha akiba ikioza, tena akiba ya mtu wa damu yangu, na mimi niko kilomita hamsini na kitu kutoka kwake, nikikitafuta kitu kile kile nisikipate.

Shangazi yangu ni mkulima wa upande wa Msambweni, katika Kwale. Shamba lake si kubwa. Ana minazi, mikorosho michache, mahindi na kunde, na vipande viwili vya mhogo. Mimi ni mkazi wa kisiwani Mombasa.

Kila Shaabani inapoelekea kwisha, shangazi huanza kuchimba mhogo wake. Huutia maguniani, nazi akazitia katika mapakacha, akapanda matatu hadi Likoni, akavuka feri na kuja kuuza mjini. Msomaji wangu wa pwani hahitaji kuelezwa sababu. Ni nyumba gani kwetu inayofuturu mwezi mzima bila mhogo wa nazi? Mwezi ule mmoja ndio uliokuwa ukimlipia shangazi sehemu kubwa ya mwaka: unga, sukari, sabuni na sare za wajukuu.

NJIA ILIPOFUNGWA

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Haukupita muda, shule zikafungwa na misikiti ikafungwa. Machi 27 ikaanza kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria 14 ikaamriwa ichukue 8, na nauli ikapanda. Kisha Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hapana kuingia wala kutoka. Ramadhani ilipoandama, kufuli lilikuwa limeshatiwa.

Kwa haki, amri ile haikukizuia chakula. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita. Lakini shangazi hana lori. Lori lake ni kichwa chake na keria ya matatu. Mhogo wake na mwili wake husafiri pamoja, na mwili ulipozuiwa, mhogo nao ukabaki.

Mchuuzi mmoja mwenye gari alimwahidi kuja kuuchukua siku moja kabla ya mwezi kuandama. Shangazi akaajiri vijana wawili, wakachimba kutwa nzima. Mchuuzi hakuja. Alifika siku ya nne, akautazama ule mhogo, akataja bei isiyofika hata ujira wa wachimbaji.

Wanaolima wanajua tabia ya mhogo. Ukiwa ardhini hukaa miezi na miezi, na hiyo ndiyo akiba isiyooza. Ukishachimbwa, siku mbili tatu tu huanza kupiga weusi ndani. Shangazi alijaribu kuumenya na kuukata afanye makopa, kama alivyofunzwa na mamaye. Lakini mvua za mwaka zilikuwa zimeshika, jua la kuanikia hakuna. Alianika juu ya meko kiasi kilichoenea. Uliobaki waliula mbuzi, na mwingine ukaoza.

Siku zile zile mimi nilikuwa nikizunguka masokoni Mombasa. Mhogo ulikuwa wa kubahatisha, na bei yake imepaa. Nikarudi nyumbani na mkate.

MKULIMA NAYE HUNUNUA

Sisi watu wa mjini tuna dhana kwamba mwenye shamba hawezi kulala njaa. Dhana hii ni kosa kubwa. Mahindi ya mvua za mwaka hupandwa Machi au Aprili, nayo huvunwa Julai na Agosti. Baina ya hapo ya zamani yamekwisha na mapya yangali mabichi shambani. Katika miezi hiyo mkulima huingia dukani kununua unga kama mimi na wewe, na fedha za kununulia huzipata kwa kuuza nazi, mhogo, makuti, au kwa kutumiwa na mwanawe aliye kazini.

Mwaka ule mlango wa kuuzia ulifungwa, na mlango wa kutumiwa ukafungwa pia. Mwanawe alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani. Ndege za abiria kutoka ng'ambo ziliposimamishwa mwishoni mwa Machi, wageni wakatoweka, hoteli ikafungwa, naye akarudi kwa mamaye na mkewe na watoto watatu. Wajukuu waliokuwa wakila chakula cha mchana shuleni nao wakawa nyumbani kutwa. Nyumba ya watu wanne ikawa ya watu tisa, na sufuria ni ile ile.

Nilikuwa nikimpigia simu kila Ijumaa.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Hawajambo watoto?”

“Hawajambo. Chakula mnapata lakini?”

“Alhamdulillahi, tunafuturu.”

Jibu lake lilikuwa hilo kila wiki. Nami niliridhika nalo, na leo ninaona haya kusema kwamba niliridhika upesi. Nilimtumia vijisenti kwa simu mara mbili, nikadhani nimetimiza wajibu.

Mombasa ilipofunguliwa Julai 7, nilikwenda kumwona. Kwale ilikuwa imefunguliwa mwezi mmoja kabla. Nilimkuta amekonda, bangili zinampwaya mkononi. Ndipo binamu yangu, yule mpishi, aliponieleza. Ni kweli walikuwa wakifuturu: mhogo wa kuchemsha na mtsunga uliochumwa kando ya shamba. Daku ilikuwa mhogo uliobaki. Sima ilionekana siku moja moja, na ng'onda haikuonekana kabisa. Shangazi mwenyewe alikuwa akisema ameshiba, ili watoto waongezwe.

PISHI TISA

Lakini lililonifanya niandike haya si mhogo. Ni pishi.

Shangazi ana kibaba cha mti alichorithi kwa mamaye. Vibaba vinne ni pishi, na pishi moja, ambayo ni kama kilo mbili na nusu, ndiyo zaka ya fitri ya kila mtu mmoja. Tangu nikiwa mtoto nimemwona kila mwisho wa Ramadhani ameketi kwenye jamvi akipima mchele, akiwahesabu watu wa nyumba yake kwa majina, kisha akiwapelekea wanaostahiki. Hilo lilikuwa fahari yake ya pekee. Dhahabu hana, nyumba yake ni ya makuti, lakini ni mtu wa kutoa.

Mwaka ule, Ramadhani ikiwa katika kumi la mwisho, alimwendea mwalimu wa chuoni pale kijijini kumwuliza atakopa wapi mchele wa fitri. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba fitri ni juu ya mwenye ziada ya chakula cha siku ya Idi na usiku wake, kwa nafsi yake na walio chini yake. “Wewe huna ziada, bibi. Wewe mwaka huu ni katika wanaopewa.”

Shangazi alirudi nyumbani akajifungia chumbani. Binamu yangu anasema hakutoka mpaka adhana ya magharibi.

Siku mbili kabla ya Idi, baada ya saa ya kafyu, ikasikika hodi. Walipofungua hapakuwa na mtu. Mlangoni palikuwa na kapu la mchele, limefunikwa kwa kawa kama chakula cha mgeni wa heshima. Aliyeleta alijua kumsitiri mwenziwe. Shangazi akakitoa kibaba chake, akapima. Zilikuwa pishi tisa.

“Nilikaa nikautazama ule mchele,” aliniambia mwenyewe. “Nimetoa miaka yote, mwanangu, nisijue kupokea kuna uzito gani.”

Kulipokucha akatuma mtoto kwa mwalimu kuuliza swali jingine: je, mtu akipewa, kisha kikazidi, naye hutoa? Mwalimu akajibu kwamba kikizidi chakula cha Idi, naye hutoa kadiri ya ziada. Basi shangazi akaweka cha watu wake, akapima pishi moja, akaenda mwenyewe kwa jirani yake, mjane mwenye watoto wadogo, ambaye kapu halikumfikia.

TUJIFUNZE NINI?

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Lakini kabla ya hapo, tangu vuli ya 2020, mvua nazo zilianza kukosa msimu baada ya msimu, na wengi waliokuwa wameuza mbuzi wao mwaka wa korona walikutwa na ukame mikono mitupu.

Wazee wa Kimijikenda walikuwa wakizipa njaa majina. Njaa ya mwisho wa karne ya 19 waliiita Magunia, kwa magunia ya chakula yaliyoletwa. Nilimwuliza shangazi hii ya 2020 angeiitaje. Alifikiri, kisha akasema: “Njaa ya Njia. Shamba halikutunyima. Njia ndiyo iliyotunyima.”

Naam, likija tena la kufunga njia, na tunamwomba Mungu lisije, wenye kutoa amri wakumbuke kwamba chakula cha pwani hakisafiri kwa lori peke yake. Gari moja la kijiji, lenye kibali, lingechukua mhogo wa nyumba ishirini.

Na vijana wa mashambani wajifunze makopa kwa mama zao wangali hai, tena waanike wakati wa jua, wasingoje mvua.

Ama sisi wa mjini, tusitosheke na “alhamdulillahi” ya kwenye simu. Mtu wa sitara hatakwambia kuwa ana njaa. Mwulize amepika nini, na nani hakula.

Mimi tangu mwaka ule naipeleka fitri yangu Msambweni. Shangazi huipima upya kwa kibaba chake, kisha hunituma niipeleke kwa yule mjane.