Laini Ni ya Nani? Kuishi Nakuru Ukingoja Karatasi za Ukaazi

Tuanze na swali dogo. Hiyo laini unayotumia kulipia nyumba imesajiliwa kwa jina la nani?

Wengi wenu mtajibu haraka: "Yangu, bila shaka." Lakini kuna wateja wetu wa Nakuru ambao hapo husita kidogo. Ni wale waliofuata ndoa. Mke ametoka Mbale, mume ni wa Bahati. Mume ametoka Moshi, mke ni wa Molo. Jiji letu limekaa kwenye barabara ya Mombasa kwenda Uganda, na barabara huleta mizigo, huleta pia wachumba.

Watu hawa wanaishi hapa kama sisi wengine. Wanamjua mama mboga, wanapanda matatu ya Free Area, wanabishana na keateka kuhusu maji. Kitu kimoja tu ndicho bado: karatasi za ukaazi. Leo tunazungumza nao, pamoja na waume, wake na wakwe wao.

Elfu kumi na nne zisizo na ufunguo

Tuchukue mfano. Hauna majina, lakini yeyote aliyewahi kukaa upande wetu wa kaunta anaujua.

Mume ni dereva wa trela, anapeleka mzigo kutoka Mombasa hadi Juba. Mke ni Mganda. Walipooana, walipanga chumba na sebule Free Area, elfu tisa kwa mwezi. Agrimenti ya nyumba iliandikwa jina la mume. Hata simu ya mke ilikuwa na laini ya pili ya mume. "Tumia hii tu," alimwambia, "kwani mimi na wewe si kitu kimoja?" Akampa na nambari ya siri.

Mambo yakaenda sawa mwaka mzima. Halafu mwezi mmoja mume akatuma elfu kumi na nne kabla ya kuvuka mpaka: elfu tisa ya nyumba, elfu tano ya chakula. Akaendelea na safari, simu yake ikawa haipatikani. Jioni hiyo mtoto wa jirani akachezea simu ya mke, akabonyeza nambari ya siri vibaya mara tatu. Laini ikafungwa.

Asubuhi mama akaja kwetu na pasipoti mkononi. Mhudumu akamwuliza nambari ya kitambulisho cha mwenye laini. Anaijua. Akamwuliza mwenyewe yuko wapi. Yuko njia ya Juba. Basi, mazungumzo yakaishia hapo. Kwenye mfumo wetu zile pesa ni za mume. Mke ni mtu aliyeshika simu ya mtu mwingine.

Tunajua jibu hilo ni chungu. Lakini tukimfungulia mke mwenye haki kwa sababu ya maelezo mazuri, kesho tutamfungulia mwizi mwenye maelezo mazuri zaidi. Ndiyo maana hatumfungulii yeyote ila mwenye jina.

Mwenye nyumba naye hakuwa na la kumsaidia. Alimjua kama "bibi ya dereva". Kwenye agrimenti hayupo. Mwishowe wifi yake wa Bahati ndiye aliyelipa kodi. Shida ikaisha, aibu ikabaki: boma lote lilijua kuwa mke wa kaka yao ameomba kodi.

Kinachotuuma ni hiki. Ile pasipoti aliyokuja nayo siku hiyo ilitosha kabisa kumsajilia laini yake mwenyewe tangu wiki ya kwanza.

Kungoja ni kwa muda gani?

Watu husema, "Tutapanga vizuri karatasi zikitoka." Hebu tuangalie zinachukua muda gani.

Raia wa nchi za Afrika Mashariki akiingia Kenya anaweza kupewa hadi miezi sita ya kukaa, chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010. Anayetaka kuishi na mwenzi wake huomba pasi ya mtegemezi. Mgeni atakayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa pia kujisajili na kupata kitambulisho cha mgeni. Kwa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, mwenzi wa Mkenya anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3 ya ndoa. Uraia wenyewe, kwa kifungu cha 15 cha Katiba ya 2010, unaombwa baada ya miaka 7 ya ndoa.

Katiba hiyo ilibadilisha jambo kubwa. Zamani mke wa mwanamume Mkenya aliweza kuandikishwa kuwa raia, lakini mume wa mwanamke Mkenya hakuwa na mlango huo. Leo yule wa Moshi aliyeoa Molo ana haki sawa na yule wa Mbale aliyeolewa Bahati.

Sasa angalia mambo mawili.

La kwanza, miaka hiyo ni ya ndoa, na ndoa huthibitishwa kwa cheti. Tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, hata ndoa ya kimila inatakiwa isajiliwe. Picha za siku ya mahari ni nzuri ukutani, lakini ofisini utaulizwa cheti. Ukichelewa kusajili, unajiongezea foleni mwenyewe.

La pili, sheria inataka kwamba wakati wa kuomba uraia, wanandoa wawe wanaishi pamoja. Kwa hivyo mahali mnapoishi, na jinsi mnavyolipa, si siri ya nyumbani tu. Iko siku mtaulizwa.

Ukijumlisha, unaongea juu ya miaka saba hivi ya maisha. Mtoto aliyezaliwa leo atakuwa darasani, na mzazi wake mmoja bado anatumia laini ya kuazima. Hayo si maisha ya kuahirisha.

Nyumba tatu za kungojea

*Kwa wakwe.* Wengi huanzia bomani: Bahati, Njoro, Subukia, Molo. Hakuna kodi, kuna maziwa, kuna mtu wa kukushikia mtoto. Shida ni kwamba mchango wako hauonekani. Unanunua unga, unalipa stima, unamkabidhi mama mkwe pesa mkononi, na miaka mitatu baadaye hakuna anayekumbuka. Hatusemi umdai mama risiti. Hilo litakuletea maneno. Tuma tu kwa simu, kutoka kwa laini yako. Yeye anapata pesa zake kwa heshima, na wewe unabaki na rekodi.

Jihadhari zaidi mkifikia kujenga au kununua ploti. Kwa kifungu cha 65 cha Katiba, asiye raia anaweza kushika ardhi kwa mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Shamba la kilimo nalo lina bodi ya ardhi, ambayo haipitishi kuuziwa asiye raia. Maana yake ni kwamba pesa zako za kujenga zitaingia kwenye ardhi isiyoandikwa jina lako. Si vibaya kujenga. Watu wanajenga na wanazeeka pamoja. Lakini kabla ya lori la kwanza la mawe, mwone wakili muandikiane. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inalinda nyumba ya ndoa: mwenzi hawezi kuiuza bila idhini ya mwenzake, wala kumfukuza bila amri ya korti. Hata hivyo, siku ya kesi utahitaji kuonyesha uliweka nini.

*Kupanga mjini.* Hapa sentensi moja inaokoa mengi. Siku ya kuandika agrimenti mwambie mwenye nyumba: "Tuandike sote wawili." Wengi hawakatai, hakuna tu aliyewaomba. Akikataa, mpangaji mmoja aandikwe na mwenzake atajwe kama mkaazi. Halafu pokezaneni kulipa: mwezi huu mume, mwezi ujao mke, kila mmoja kwa laini yake, na mtumie nambari ya nyumba kama akaunti. Baada ya mwaka mmoja mna ujumbe kumi na mbili zinazosema watu hawa wawili wanalipia mlango mmoja.

Hatukuahidi kwamba taarifa ya simu peke yake itamridhisha afisa yeyote. Cheti cha ndoa ndicho msingi. Lakini mtu aliye na cheti, agrimenti na taarifa ya miaka miwili hatafuti maneno ya kueleza maisha yake.

*Mmoja huku, mmoja kule.* Wengine wanaona bora mke abaki kwao hadi kibali kitoke, au mume aendelee na kazi yake Arusha. Inaeleweka, hasa kwa sababu pasi ya mtegemezi si kibali cha kazi. Mwenye pasi hiyo akitaka kuajiriwa lazima aombe kibali chake. Lakini fanyeni hesabu bila huruma: nyumba mbili, basi kila mwezi, ada ya kutuma pesa kuvuka mpaka. Andika kila kitu kwa miezi mitatu. Wengi wakijumlisha wanagundua kutengana kunakula zaidi ya kodi ya Free Area. Na kumbukeni lile sharti la kuishi pamoja.

Fanya hivi wiki hii

1. *Sajili laini kwa jina lako.* Kuja na pasipoti yako yenyewe, si kopi, au kitambulisho cha mgeni kama umeshapata. Pasipoti ikiisha na ukapata mpya, nambari yake hubadilika. Rudi na zote mbili turekebishe, usingoje laini ipotee.

2. *Acheni kuazimana nambari ya siri.* Hata mke na mume. Badala ya kumpa mwenzako laini yako, mtumie pesa kwa laini yake. Ada ni ndogo kuliko siku moja ya kuhangaika. Na tuseme lile tusilopenda kusema: mwenye laini akifariki, pesa zilizomo zinakuwa mirathi. Hutazitoa kwa kujua nambari ya siri, na kujaribu kutakuletea matatizo na shemeji zako.

3. *Hamisha pesa za lazima mapema.* Kama mwenzako ni wa safari, kodi iingie kwa laini yako kabla hajaondoka, sio akiwa njiani.

4. *Hifadhi taarifa ya miamala kila baada ya miezi sita.* Ziweke kwenye faili moja na agrimenti, cheti cha ndoa na risiti za Uhamiaji.

5. *Usilipe karatasi kwa nambari ya mtu.* Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen, kwa Paybill 222222, na ada ziko pale pale kwenye mtandao. Mtu akikupigia akisema faili yako iko mezani kwake Nyayo House na inahitaji "kitu kidogo" kwa nambari yake, kata simu. Anayengoja sana ndiye anayetapeliwa kwa urahisi, kwa sababu anataka kuamini. Kama umeshatuma, tupigie saa hiyo hiyo. Kila dakika ina maana.

Na wanaongoja kuondoka?

Kuna wateja walio upande wa pili wa hadithi hii: mume yuko Uingereza au Marekani, mke yuko Section 58 au Lanet anangoja viza. Nchi ni tofauti, lakini somo ni lile lile. Maombi ya Marekani, kwa mfano, yanakubali agrimenti ya pamoja ya nyumba na dalili kwamba pesa za wanandoa zimechanganyika kuwa sehemu ya ushahidi kuwa ndoa ni ya kweli. Kwa hivyo pesa za nyumba zitumwe kwa laini ya mke mwenyewe, sio kupitia kwa shemeji au rafiki. Zikipitia kwa shemeji, rekodi inasema mume anamsaidia ndugu yake. Haisemi ana mke.

Turudi Free Area

Dereva wetu wa mfano alirudi siku ya sita. Laini ikafunguliwa kwa dakika chache, kwa kitambulisho chake. Tungependa kusema mambo yaliishia hapo, lakini kazi ilikuwa haijaanza. Mke akasajili laini yake. Wakampigia mwenye nyumba, agrimenti ikaandikwa upya. Pesa ya kwanza kutoka kwa laini mpya ikaenda Bahati: elfu tisa, kwa wifi.

Tunasema tena: huhitaji kungoja kibali ili uwe na laini yako. Kama uko Nakuru, Naivasha, Gilgil au Molo, pita kwa duka letu lolote na pasipoti yako. Kama mwenzako ndiye mgeni, mlete wewe mwenyewe, tena mlete wiki hii, kabla ya safari ijayo.