Mgeni Apewe Jembe Kidogo Kidogo

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yafundisha bidii, wala hatuipingi. Lakini kwa kazi ya jua kali tunapenda kuongeza neno moja: jembe hilo apewe kidogo kidogo.

Hapa Makanyagio na Mpanda yote, joto hukaza mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Ndipo watu wanafyatua na kuchoma matofali, wanajenga, wanasafisha mashamba, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanashuka katika maduara. Vijana wengine huja kutoka Ufipa kwenye baridi, wengine ndiyo kwanza wametoka shuleni. Huanza kazi nzito siku hiyohiyo. Hapo ndipo penye hatari: watu wengi wanaokufa kwa joto kazini hufa katika siku zao za kwanza.

Mwili unazoeaje?

Misuli inapofanya kazi hutoa joto. Mwili huliondoa kwa jasho na kwa kupeleka damu nyingi kwenye ngozi. Moyo wa mtu asiyezoea huenda mbio, maana unahudumia misuli na ngozi kwa wakati mmoja. Akiendelea kufanya kazi katika joto kwa siku 7 hadi 14, mwili hubadilika. Maji katika damu huongezeka, jasho huanza mapema, chumvi inayopotea nalo hupungua, na moyo hutulia. Kazi ni ileile, lakini sasa haimlemei.

Kukaa kivulini hakumzoeshi mtu. Ni lazima afanye kazi, ila kwa kiasi. Na akikaa nje ya kazi wiki moja au zaidi, kwa ugonjwa au msiba, mazoea hayo huanza kupotea.

Jambo hili lilijulikana zamani katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, walikokwenda hata watu wa Tanganyika. Kule chini hewa ina unyevu, jasho halikauki, na watu walikufa kwa joto. Kuanzia miaka ya 1930 migodi ile ikaanza kuwazoesha wageni hatua kwa hatua kabla ya kuwapa kazi kamili.

Kundi lifanye nini?

Kazi nyingi kwetu ni za kipande: kundi hulipwa kwa idadi ya matofali au kwa mifuko ya mawe. Basi mwenye nguvu ndiye anayeweka mwendo, na mgeni huona aibu kupumzika, asije akaitwa mvivu. Tunashauri haya:

1. Mgeni apewe sehemu moja ya tano ya kazi siku ya kwanza, na kuongezewa kiasi hicho kila siku. Siku ya tano atakuwa amefikia kazi kamili, lakini aendelee kuangaliwa hadi wiki mbili zipite.

2. Mzoefu aliyerudi baada ya kutokuwapo aanze na nusu ya kazi, na kufikia kazi kamili siku ya nne.

3. Joto likizidi, kundi zima lipunguze mwendo. Kazi nzito ianze saa 12 asubuhi, watu wapumzike kivulini mchana, kisha warudi jioni.

4. Dumu la maji safi liwe karibu. Kila mmoja anywe kikombe, yaani robo lita, kila baada ya dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Chumvi ya chakula cha kawaida yatosha. Pombe huongeza hatari.

5. Watu wafanye kazi wawili wawili, mgeni pamoja na mzoefu, kila mmoja akimwangalia mwenzake.

Tusisahau kwamba mzoefu naye huanguka akikosa maji na pumziko.

Dalili za hatari

Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na jasho jingi ni onyo. Mtu huyo aache kazi, akae kivulini, alegeze nguo na anywe maji. Lakini akianza kusema ovyo, kupepesuka, kupata degedege au kuzimia, huo ni ugonjwa mkali wa joto, nao huua upesi. Mvueni nguo za nje, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, na tafuteni usafiri wa hospitali mara moja. Msimnyweshe kitu akiwa hajitambui. Msingoje jasho likauke ndipo muamini. Wengine huzidiwa wakiwa wanatoka jasho.

Akina baba na akina mama, kijana wenu akirudi nyumbani siku ya kwanza na malipo kidogo, msimcheke. Na wewe unayesimamia kundi, hesabu ya matofali yaliyopungua wiki hii utaifidia wiki ijayo, kijana akiwa mzima.