Mgongo wa Friji

Pitisha mkono nyuma ya friji ndogo inayonguruma tangu asubuhi. Utakutana na joto. Wengi wakiligusa hushtuka, wakadhani kuna kitu kinaungua, kumbe joto hilo ndilo kazi yenyewe. Friji haitengenezi baridi. Huchota joto lililomo kwenye sufuria ya maharage, kwenye maziwa, kwenye hewa iliyoingia mlango ulipofunguliwa, kisha hulimwaga jikoni.

Mchukuzi wa joto hilo ni gesi. Katika friji nyingi mpya za nyumbani ni isobutani, yenye alama R600a, ambayo katika mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri. Ndani ya kuta za chumba cha barafu hugeuka mvuke, na kwa kugeuka huko hufyonza joto, kama jasho linavyokupoza upepo ukipita. Kompresa, lile dude jeusi la chini nyuma, huubana mvuke ukapata moto, ukapita kwenye mabomba ya mgongoni, ukapoa na kurudi kuwa majimaji.

Kwa hiyo friji iliyobanwa ukutani, mgongo umejaa vumbi na utando wa buibui, huunguruma mchana kutwa bila kupoza: joto halina pa kwenda. Ichomoe kwenye umeme, ivute, pitisha brashi laini, uirudishe ukiiachia nafasi ya upana wa kiganja. Kama haina mabomba mgongoni, huenda yamefichwa ubavuni, na ubavu kuwa na joto si ugonjwa.

Huku Pwani hewa imejaa unyevu. Kila mlango ukifunguliwa unyevu huingia na kuganda, na barafu nene kama kidole huwa blanketi kati ya gesi na chakula. Hapo ndipo friji nyingi huuawa. Mtu ana haraka, anachukua kisu. Kuta za chumba cha barafu katika friji nyingi za mlango mmoja ni bati la alumini, na njia za gesi zimo ndani ya bati lenyewe. Ncha ikipenya, unasikia tsss. Niliisikia sauti hiyo nyumbani kwetu nikiwa mdogo. Fundi alipaziba kwa gundi, akajaza gesi, ikavuja palepale, na mama hakuuza tena barafu za ubuyu. Nakuomba, kisu kikae mbali. Zima friji, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani, tandaza matambara, subiri. Isobutani huwaka, kwa hiyo bahati mbaya ikitokea fungua madirisha, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi.

Maji yakituama chini ya droo ya mboga, tafuta tundu dogo ukutani kwa ndani, nyuma. Limezibwa na uchafu. Lizibue taratibu kwa mrija na maji ya vuguvugu. Raba ya mlango isafishe kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, kisha bana noti mlangoni: ikichomoka bila kukaza, baridi inatoroka hapo.

Umeme ukikatika na kurudi ghafla, kompresa hukuta mgandamizo haujatulia, ikashindwa kuanza, ikapata moto. Friji gadi, kifaa cha kuilinda friji dhidi ya umeme unaoyumba, huisubirisha dakika kadhaa. Kama huna, chomoa, urudishe baada ya dakika tano. Ukisikia ta!, kimya, kisha ta! tena, huenda umeme ni mdogo au kiwashio cha kompresa kimechoka. Izime kabla haijaungua.

Halafu kuna lile neno la mafundi: gesi imeisha. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama petroli. Huzunguka miaka na miaka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua basi kuna mahali inavuja. Mwambie fundi akuonyeshe kwanza ni wapi, apazibe, ndipo ajaze.