Kwa Nini Watoto wa Kamba wa Mtoni Hufa Katika Tangi la Kioo

Ndugu mkulima, huenda wewe ni mmoja wa wale waliofika ofisini kwetu na swali hili. Umenasa kamba jike katika mto Mkurumudzi, tumbo lake limejaa mayai. Umemtia katika tangi la kioo nyumbani, ukampa maji safi ya mto na chakula. Mayai yameanguliwa, watoto wamejaa majini kama vumbi. Baada ya siku chache hakuna hata mmoja aliye hai. Je, kosa ni nini?

Nami nilikosea vivyo hivyo. Nilidhani maji yangu ni machafu, nikazidi kuyabadilisha, na watoto wakazidi kufa. Maji hayakuwa machafu. Yalikuwa matamu mno.

Kamba hawa wakubwa wa mtoni huishi katika maji matamu wakiwa wazima, lakini watoto wao hawawezi kukulia humo. Jike mwenye mayai huteremka na mto hadi karibu na mlango wake, mahali ambapo maji ya mto na ya bahari huchanganyika. Mkurumudzi huanzia vilima vya Shimba na kumwaga maji yake Gazi, penye mikoko. Maji ya namna hiyo ndiyo wayatakayo. Watoto hukulia huko kwa majuma kadhaa, kisha hupanda mto wakitambaa.

Hata wataalamu hapo zamani walikuwa hawajui jambo hili. Mwaka 1961, huko Penang katika Malaya, Bwana Shao-Wen Ling wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa alikuwa akijaribu kulea watoto wa kamba mkubwa wa Asia, nao wakifa kama wetu. Walipotiwa katika maji yenye chumvi kiasi, wakaishi. Baadaye Bwana Takuji Fujimura, huko Hawaii, alionyesha jinsi ya kuwalea kwa wingi. Ufugaji wote wa kamba huyo duniani umetokana na kazi hiyo.

Basi, ukitaka kujaribu tena, mtazame jike kila siku. Mayai yanapokaribia kuanguliwa hugeuka rangi ya kijivu, na ukiyaangalia penye mwanga utaona macho madogo meusi ndani yake. Hapo tayarisha maji. Chota maji ya bahari wakati wa maji kujaa, mbali na mitaro na mahali pa kufulia, uyachuje kwa kitambaa cha bafta. Changanya debe moja la maji ya bahari na madebe mawili ya maji matamu. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita. Mchanganyiko huu utakuwa na gramu 12 hivi, na hicho ndicho kiasi kinachowafaa. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima kwanza ili dawa iliyomo itoke.

Watoto wakitoka, mwondoe mama. Usishtuke ukiwaona wanaogelea chali, mkia mbele, ndivyo walivyoumbwa. Wanataka joto la digrii 28 hadi 30, kwa hiyo mtu wa Msambweni hana taabu, bali wewe wa huko juu Shimba Hills uwe na hadhari mwezi wa Julai. Wanataka pia hewa ipulizwe majini mchana na usiku.

Chakula ndicho kazi kubwa. Siku za kwanza hula vijidudu hai vya maji ya chumvi viitwavyo artemia, ambavyo mayai yake makavu huuzwa katika makopo. Wakikua kidogo waweza kuwapa yai lililochanganywa na maziwa, likapikwa kwa mvuke na kupitishwa kwenye chujio laini. Masalio yaondoe siku ile ile na ubadilishe sehemu ya maji, maana chakula kikioza usiku mmoja huua wote.

Baada ya mwezi hivi utaona wameacha kuogelea chali na kuanza kushika kioo. Sasa ni kamba kamili, ingawa ni wadogo sana. Ongeza maji matamu kidogo kidogo mpaka chumvi iishe. Watie vigae na vipande vya matofali wapate kujificha, kwani kamba anapovua gamba huwa laini, na wenzake humla.

Dawa ya kupe, dawa ya mbu na dawa ya shaba tunayopulizia nyanya zote huua kamba kwa kiasi kidogo mno. Usichote maji kwa ndoo uliyochanganyia dawa, hata kama umeiosha.

Labda umeona mahali uduvi wadogo wekundu wa mapambo wakizaana katika maji matamu bila taabu yoyote. Hao ni aina nyingine, asili yao China na Taiwan. Mayai yao ni machache na makubwa, na mtoto hutoka akiwa na umbo la mzazi wake.

Utauliza, taabu yote hii ni ya nini? Kwa tangi moja hutapata kamba wa kuuza katika hoteli za Diani. Lakini kamba wa mtoni hula konokono, na konokono wa majini ndio waenezao kichocho, ugonjwa ambao watoto wetu wa Kwale na Msambweni wanaujua vizuri. Katika Senegal bwawa la Diama lilikamilika mwaka 1986, likawazuia kamba kupanda mto, na kichocho kikaongezeka sana. Habari zilizotolewa mwaka 2015 zilieleza kwamba katika kijiji cha Lampsar kamba waliwekwa ndani ya wavu penye kivuko cha maji, na watu wakapewa dawa. Konokono wenye ugonjwa walipungua, na watu walioambukizwa tena walikuwa na mayai machache ya kichocho kuliko wa kijiji kisicho na kamba.

Hata hivyo ukimtia kamba katika lambo lako atakula konokono mpaka afe, wala hatazaa, maana lambo halina chumvi. Kila mara itabidi kutia wengine, na hao hawana budi kulelewa na mtu katika maji ya chumvi kwanza. Tumia wa mto wetu tu. Wa kigeni wasiingizwe mtoni. Kabla ya kutia kamba katika lambo la watu wote, mwone kwanza afisa wa uvuvi, na watoto waendelee kumeza dawa ya kichocho wanayopewa shuleni.